Ushanga wa Ndoto

1

Editruda Mapunda alichelewa kufika msibani kwa makusudi, maana mtani akiwahi hupangiwa kumenya viazi. Alishuka kwenye gari lisilo na dereva penye kona ya misindano, akalipiga kofi la kwaheri kwenye boneti, akapanda kilima kwa miguu huku ukungu wa Kilolo ukimlowesha nyusi. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na minane, mfupi, mnene kiasi, mwenye sauti isiyojua kunong'ona. Yeye Mngoni wa Songea; marehemu, Leokadia Kikoti, Mhehe wa hapo hapo mlimani. Mababu wa huku na wa kule walipigana mpaka wakachokana, wakabaki kutaniana, na tangu hapo Mhehe akifa Mngoni huja kumcheka ili waliobaki wapate kupumua. Hiyo ndiyo kazi iliyomleta. Lakini safari hii, haki ya Mungu, miguu ilikuwa mizito, kwa sababu Leokadia hakuwa mtani tu. Alikuwa rafiki yake wa miaka thelathini.

"Kamwene, wafiwa!" alipaza sauti akiwa bado nje ya ua. "Nasikia mmemwua mtu wangu kwa baridi!"

"Kamwene!" wakaitika wanawake waliokaa mkekani, na wawili watatu wakaanza kutabasamu kabla machozi hayajakauka.

"Na ninyi mliotembea kutoka kusini mpaka nyayo zikaisha," alijibu mzee Kasiani, kaka mkubwa wa marehemu, "mmefuata msiba au mmefuata wali?"

"Wali kwanza. Msiba haupoi."

Wakacheka. Mazishi yalikuwa yamekwisha tangu saa nane. Editruda aliingia chumbani kwa marehemu bila kumwomba mtu ruhusa, kama desturi inavyomruhusu mtani, akatoka amejifunga kitenge cha Leokadia cha kijani, kilemba chake kichwani, na miguuni mabuti yake ya mpira yasiyolingana. Buti la kulia lilikuwa la Leokadia mwenyewe. La kushoto lilikuwa la mumewe, Anselmi, aliyetangulia kufa miaka minane nyuma, kubwa kwa namba mbili. La kushoto la Leokadia lilimezwa na tope shambani, naye akasema haendi kununua buti wakati ndani ya nyumba mna buti.

Basi Editruda akaanza kutembea, na sebule nzima ikamwona Leokadia. Mguu wa kulia ulikwenda, wa kushoto ukafikiri kwanza, kisha ukaburuzika kufuata. Alifika katikati ya sebule akasimama. Akavuta pua mara moja. Akagusa kifua kwa vidole vitatu. Akanyamaza kwa kitambo cha moja, mbili.

"Nitakuambia mwenyewe," alisema.

Mwenzangu, watu walianguka. Hilo ndilo lilikuwa jibu la Leokadia kwa kila kitu. Umuulize pareto mwaka huu inanunuliwaje, umuulize mgongo unaendeleaje, umuulize padri alimwambia nini baada ya misa, atavuta pua na kukuambia atakuambia mwenyewe, maana yake wakati wake haujafika na wewe huna haraka yoyote. Wanawake walicheka huku wanalia, mzee Kasiani akajifuta macho kwa kofia.

Ndipo kigae cha udongo kilichopachikwa ukutani, juu ya mlango wa chumba cha marehemu, kikawaka.

"Karibu nyumbani, Leokadia," kilisema kwa upole. "Umekuwa kimya siku tatu. Shanga zako ziko salama. Nikusaidie nini?"

Mtu akaangusha sinia jikoni. Baada ya hapo hapakusikika kitu ila ukungu ukidondoka kwenye bati.

Kile kigae ni Mwangwi, na kila nyumba ina wake. Ulianza baada ya Mwaka wa Kuvuja, pale siri za watu wote, za benki na za kitandani, zilipomwagika hadharani kwa juma moja. Hakuna aliyekubali tena kuyaweka maisha yake kwenye ghala la mtu mwingine. Wanawake wa ushirika mmoja, nusu wafinyanzi nusu mafundi wa mitambo, wakabuni shanga thelathini na tatu za kuvaa kiunoni, mahali ambapo mkono wa mgeni haufiki. Kila ushanga ni mlango wa jambo moja: ulikopita, ulichonunua, damu yako inasemaje, uliongea na nani. Wa mwisho, mdogo kuliko wote, ni wa ndoto. Mto wa kulalia husikiliza, ushanga hutunza. Ukiufungua huwaka manjano, na uliyemruhusu anaingia. Ukiufunga hugeuka bluu, haingii mtu. Na mwenye shanga hatambuliwi kwa neno la siri wala kwa uso, maana hivyo vyote vilikwisha kughushiwa zamani. Mwangwi humtambua kwa ujumla wake, anavyokanyaga, anavyovuta pumzi, anavyosita kabla ya kujibu. Waliobuni waliapa kwamba kusita kwa mtu hakuigiki. Walikuwa watu wa maabara, maskini. Hawakuwahi kuhudhuria msiba wenye watani.

"Toba," alisema Editruda kwa sauti yake mwenyewe, na kile kigae kikazimika papo hapo.

Mzee Kasiani alikohoa. "Desturi ni mtani achukue kitu cha marehemu. Kitenge, jembe, sufuria." Aliitazama miguu ya Editruda, kisha ukuta. "Safari hii, mtani, umechukua kikubwa."

Editruda alikuwa anamtazama Noela mlangoni. Bintiye Leokadia, wa pekee, miaka ishirini na tisa, aliyekuja asubuhi hiyo kutoka Dodoma baada ya miaka saba ya kutokanyaga mlimani. Yeye shanga zake alizivaa nje, juu ya sweta, na zote thelathini na tatu zilikuwa zinawaka manjano. Alikuwa anakitazama kigae kama mtu mwenye kiu.

2

Asubuhi ya pili Editruda alijificha kwenye mianzi nyuma ya nyumba, mahali wanapogema ulanzi, akijimiminia pombe hiyo changa, tamu, ambayo ilikuwa haijaanza kupanda kichwani. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka chini. Mianzi ilisimama ndani yake nusu nusu, na ng'ombe wa jirani alilia kutoka mahali pasipojulikana, ungedhani analia juu mbinguni. Hapo ndipo yeye na Leokadia walikuwa wakikaa kila Julai, wakinywa na kusemana vibaya kwa raha zao.

Zile shanga thelathini na tatu zilionekana kabla ya mtu mwenyewe. Mstari wa manjano ukaja ukielea kwenye ukungu, kisha Noela akatokea nyuma yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Kaa, ila sikugawii."

Noela akakaa kwenye gogo. Alikuwa na macho ya kuvimba na vidole visivyotulia. "Kesho wanaanua matanga," alisema.

"Najua."

"Wakishaanua, Mwangwi unazima shanga za mama. Zinabaki vioo. Vyote vinapotea."

"Ndiyo sheria. Hakuacha neno."

"Lakini wewe unaweza kufungua kabla. Mwangwi unadhani wewe ni yeye." Akashusha sauti. "Sitaki zote, mama. Nataka ule wa ndoto tu. Nusu saa."

Editruda alikunywa, akafuta mdomo kwa kiganja. Alijua ombi hili linakuja, alilala nalo. "We binti," alisema taratibu, "unakumbuka kwa nini ulifungwa?"

Noela akainamisha kichwa. Angewezaje kusahau? Mwaka ule baada ya baba yake kufa, Leokadia aliota ndoto moja usiku baada ya usiku. Yuko kwenye shamba la pareto, maua meupe yamemfika kiunoni, ukungu umetanda, na Anselmi anakuja polepole akiwa na buti moja mguuni. Anamuuliza, "Mama Noela, buti langu la kushoto liko wapi?" Wanaliangalia wote wawili mguuni kwa Leokadia, wanacheka. Hivyo tu. Alimfungulia bintiye ndoto hiyo, yeye peke yake, kwa sababu wote wawili walikuwa wamefiwa na mtu yule yule. Noela alilia ndani yake mpaka asubuhi. Akaona ni kitu kizuri mno kukaa mlimani peke yake. Akakitoa hadharani.

Katika juma moja watu milioni mbili walikuwa wamelala ndani ya ndoto ya mama yake. Leokadia alikwenda sokoni, mwanamke asiyemjua akamshika mkono akamwambia, "Mama, si umpe tu mzee buti lake?" Wengine waliiweka kwenye harusi zao, kwamba ndiyo mapenzi hayo. Alirudi nyumbani akakaa kitandani, akageuza shanga zake moja moja mpaka zote zikawa bluu. Hakumgombeza Noela. Ingekuwa afadhali angemgombeza. Alinyamaza tu, na binti akashindwa kuishi na ule ukimya, akaenda Dodoma.

"Unajua aliniambia nini?" aliuliza Editruda. "Hapa hapa, kwenye gogo hilo. Alisema Anselmi haji tena. Alisema, 'Wameingia watu wengi mno, mtani. Hajui pa kusimama.'"

Noela alijikunja kama aliyepigwa ngumi. Alilia bila kujificha, kamasi na kila kitu, na Editruda akajilaumu, kisha akaona hapana, binti alistahili kuambiwa, kisha akajilaumu tena.

"Sitamtolea mtu yeyote," Noela alisema alipoweza. "Nakuapia. Nataka kujua kitu kimoja. Kama miaka hii saba niliwahi kuingia kwenye ndoto zake. Hata mara moja. Hata kama alikuwa ananifukuza. Mtu anaweza kukusamehe kwa mdomo, au akakataa kwa mdomo. Lakini akiota, haigizi."

Jamani. Editruda alishika tama. Yeye mwenyewe alikuwa na hamu hiyo hiyo, tusimfiche. Nusu saa tu ya kumwona yule mwanamke anatembea tena.

"Na alikubali," Noela aliongeza upesi, akiona mwanya. "Mjomba Kasiani alimsikia Krismasi iliyopita, watu wote wakiwa mezani. Alisema siku akifa utamwigiza mpaka Mwangwi udanganyike, na ukidanganyika uchukue vyote. Si alisema?"

"Alisema."

"Basi hiyo ni ruhusa!"

"Ule ulikuwa utani, mwanangu. Jana nimeingia hapa nikasema mmemwua mama yako kwa baridi. Mbona hamkuniitia polisi? Kwenye utani tusi halihesabiki tusi. Basi na ruhusa haihesabiki ruhusa. Huwezi kuokota lile unalolipenda ukaacha mengine."

Noela akagusa ushanga mmoja wa sweta lake, na katikati yao, kwenye ukungu, yakajiandika maneno machache ya manjano. Ujumbe wa wiki tatu zilizopita. Njoo Nanenane. Nina neno. Nitakuambia mwenyewe.

"Neno lenyewe ni lipi?" aliuliza binti. "Amekufa nalo. Wewe ungekuwa mimi, ungelala?"

Editruda aliyasoma mara mbili. Nanenane ilikuwa bado wiki mbili mbele. Miaka saba ya ukimya, na kifo kimeshindwa kungoja wiki mbili!

"Mchana," alisema hatimaye, na hakujua kama anafanya vizuri au anafanya upumbavu. "Wakishakula. Njoo peke yako."

3

Chumba cha Leokadia kilikuwa na kitanda, kabati, picha ya Bikira Maria na dirisha linalotazama shamba. Shanga zilitundikwa kwenye msumari juu ya mto, zote bluu. Noela alikaa kwenye ukingo wa kitanda. Editruda alifunga mlango, akavaa mabuti, akafunga kilemba, akasimama kwanza bila kufanya lolote.

Watu hudhani kuigiza ni koo na miguu. Wangoni wa kazi hiyo watakuambia unaanzia mgongoni. Alimtafuta Leokadia mgongoni kwake, kile kijiti kilichonyooka cha mwanamke aliyebeba maji mlimani tangu akiwa na miaka sita, akampata. Mabega yakafuata. Mguu wa kulia ukaenda, wa kushoto ukafikiri.

Kigae kikawaka. "Karibu, Leokadia."

Akavuta pua. Vidole vitatu kifuani. Moja, mbili. "Ule wa ndoto," alisema.

"Nakuwekea kizingiti," Mwangwi ulijibu.

Kizingiti huonyesha mahali pa ndoto kabla ya watu kuruhusiwa kutokea. Mwanga wa chumba ulilegea. Kuta zikasogea mbali bila kelele, na kutoka chini ya kitanda maua meupe yakaanza kupanda, polepole, mpaka yakafika kiunoni. Harufu ya pareto baada ya mvua ikajaa, ile harufu kali ya kupaliza pua. Ukungu ukatanda juu ya maua. Mbali kidogo lilikuwepo benchi, na juu ya benchi vikombe vya bati, vinatoa mvuke, ila mvuke na ukungu vilichanganyika na usingeweza kuvihesabu. Viwili? Vitatu? Noela alisimama, mkono mdomoni. Editruda alihisi kwamba akipiga hatua nne tu, nyuma ya ukungu ule yupo mtu anayemjua, amekaa, anamngoja aje amtukane.

"Ndoto elfu mbili mia moja na tisa tangu ulipofunga," ulisema Mwangwi. "Hazijawahi kufunguliwa. Noela yuko hapa nawe. Nimfungulie?"

Neno lenyewe lilikuwa moja. Mfungulie. Editruda alilileta mpaka kwenye ulimi. Alijua pia kwamba akilisema kama Editruda, kwa haraka zake, Mwangwi utamgundua na kujizima. Lazima aliseme Leokadia. Kwa hiyo akavuta pua. Akagusa kifua. Akaingia kwenye ile moja, mbili.

Na hapo ndani, katika kile kituo kidogo ambamo Leokadia alikuwa anaishi maisha yake yote, Editruda alisikia wazi kabisa kwamba jibu si lile. Mwanamke huyu hakuwahi hata siku moja kumtuma mtu kusema neno lake. Hakumtuma padri, hakumtuma kaka yake, angewezaje kuituma mashine?

"Nitamwambia mwenyewe," alisema.

"Sawa, Leokadia. Ushanga umefungwa."

Maua yakashuka. Kuta zikarudi mahali pake. Dirisha likawa dirisha.

"Kwa nini?" Noela alipiga kelele. "Kwa nini? Ulisema utanifungulia! Umenileta mpaka mlangoni!"

"Sikuweza."

"Neno moja tu!"

"Ningekuwa mimi ningekufungulia," alisema Editruda, na sauti yake kwa mara ya kwanza ilijua kunong'ona. "Nakupenda, na mimi ni mbea, unanijua. Ningefungua na kuchungulia pamoja nawe. Lakini nilikuwa yeye, mwanangu. Nilikuwa yeye kabisa. Nikitoa neno lisilo lake mdomoni mwake, atakuwa ameibiwa mara ya pili. Mara ya kwanza alikuwa hai angalau, aliweza kugeuza shanga."

Noela alimtazama kwa chuki ya mtoto mdogo. Akatoka, akaubamiza mlango mpaka Bikira Maria akakaa upande. Editruda akainyoosha picha, akavua mabuti, akakaa kitandani. Hakuwa na hakika na kitu. Pengine amemfungia binti mlango wa mwisho aliobakiwa nao duniani, na yeye mwenyewe pia, basi, kwa sababu ya vidole vitatu na kuvuta pua.

4

Asubuhi ya kuanua matanga hakukuwa na mtu aliyemwona Noela kwenye chai. Mikeka ilikuwa inakunjwa, masufuria ya kuazima yanarudishwa kwa wenyewe, mzee Kasiani anagombana na mbuzi. Editruda alikuwa peke yake sebuleni akipanga vikombe, ametega sikio asikie gari la Dodoma likiitwa.

Alichosikia ni hatua. Mguu mmoja ukaja uwanjani, mwingine ukafikiri kwanza, kisha ukaburuzika. Alitua kikombe.

Ni Noela, na ndoo ya maji. Alikuwa ameamka kabla ya wote akaenda kisimani, na kwa kuwa viatu vyake vya mjini vilishakufa kwenye tope, alivaa mabuti ambayo Editruda aliyaacha mlangoni. Buti la kulia lilimkaa. La kushoto lilimpwaya, akawa analiburuza. Hapo Editruda alielewa kitu ambacho alikiigiza miaka yote bila kukijua: ule mwendo haukuwa wa Leokadia hata kidogo. Ulikuwa wa buti la Anselmi.

Binti alitua ndoo. Macho yalikuwa mekundu ila usoni ametulia. Kwenye sweta lake shanga thelathini na mbili zilikuwa zinawaka manjano, na ule mdogo, wa mwisho, ulikuwa bluu.

"Kulikoni?" Editruda aliuliza, akiuonyesha kwa kidevu. "Umeota nini?"

Baridi ilikuwa kali na Noela alikuwa amelia njia nzima. Akavuta pua. Mkono ukapanda wenyewe mpaka kifuani, vidole vitatu, akatafuta pa kuanzia, moja, mbili, na usoni kwake kikapita kitu, kizuri, ambacho hakutaka kukigawa.

"Nitakuambia mwenyewe," alisema.

Kigae kikawaka.

"Karibu nyumbani, Leokadia. Leo ni siku ya kuzima. Shanga zako nizizime, au nizifungue kwanza?"

Noela aligeuka polepole, akakitazama. Akamtazama Editruda. Editruda aliziba mdomo kwa mikono miwili, yeye mwanamke ambaye hajawahi kuziba mdomo, kwa sababu neno lolote ambalo angelisema sasa lingekuwa la kumsukuma. Mlango wa chumba ulikuwa wazi. Kutoka pale waliposimama shanga zilionekana msumarini, na nyuma yake dirisha, na nje shamba jeupe ndani ya ukungu. Safari hii hakuhitaji kumbembeleza mtu. Alikuwa na mwendo, alikuwa na pumzi, alikuwa na kile kituo. Ndoto elfu mbili mia moja na tisa, na jibu lake liko humo.

Nje mbuzi alimshinda mzee Kasiani.

"Zima," alisema Noela.

"Zikizimwa hazirudi. Umeridhia?"

Akavuta pua. "Nimeridhia. Baba apate pa kusimama."

Shanga zikageuka moja moja, bluu ikitoka ndani yake taratibu, mpaka ikabaki moja, ile ndogo, nayo ikakawia kidogo, kisha ikawa kioo cheupe kama nyingine. Kigae kikazimika. Ukuta ukawa ukuta wa nyumba ya marehemu.

Noela alipita katikati ya sebule akiburuza mguu, akatoka kwa mlango wa nyuma. Editruda alimfuata mpaka kizingitini. Alimwona akienda mpaka mwisho wa uwanja, pale pareto inapoanzia. Akainama, akavua buti la kushoto, akalikung'uta tope, akalifuta kwa mkono wa sweta. Akaliweka chini kwenye ukingo wa shamba, wima, mdomo juu, mahali ambapo mtu akija kutoka kwenye ukungu ataliona. Kisha akarudi, mguu mmoja na buti, mwingine mtupu kwenye umande.

Mtani halii kwenye msiba. Hicho ni kiapo, na Editruda alikitunza kwa Wahehe arobaini na kitu, wazee kwa watoto.

"Mama," alisema Noela alipofika karibu, akamtazama vizuri. "Unalia?"

"Nani?" Editruda alijifuta kwa kitenge cha kijani, akajifuta tena. "Ni baridi yenu hii, nyie wauaji. Ingia ndani, mguu utakufa."

Noela akamshika mkono, wakaingia kunywa chai.